Mnyororo wa plau wa Kashindye

Harieth, weka chai chini usome!

Kashindye, yule mfuga ng'ombe wa Mwandoya, kanunua boti Lamadi. Fundi kamwambia mnyororo wa nanga uwe mrefu. Yeye akamjibu, "Huu wa plau unavutwa na maksai wanne, utashindwa na kiboti?"

Wa plau, Harieth! Mfupi, nanga ikabaki inaning'inia majini.

Leo mama mkwe wake kapanda kuikagua boti. Kashindye, kwa adabu ya ukwe, kabaki mwaloni, pale ufukweni. Upepo ukamchukua mama na mayowe yake.

Kashindye akaogelea, akaifikia, akataka kupanda. Mama akafoka, "Koma! Ubanane na mkweo? Vuta hukohuko!"

Akautia mnyororo begani, akavuta mpaka mchangani.

Fundi akaukagua. "Mnyororo mzima kabisa, mzee. Aliyechoka ni maksai."