Nilisema "kama"

Munje, Jumanne, 1998

Nilisema "kama". Nilisema, "Nimemwona mtu kama Hamisi akitoka na mbuzi wa jirani." Alfajiri kulikuwa bado na giza, na homa ya mtoto ilikuwa imeninyima usingizi.

Kufika adhuhuri, ile "kama" ilikuwa imeshapotea midomoni mwa wanakijiji. Nikamkuta Hamisi amefungwa kwenye mnazi, shemeji yangu Bakari akimpiga kwa mpini wa jembe. Jino la Hamisi lilikuwa mchangani. Mafuta ya taa yalikuwa yameshaletwa.

"Shemeji, sema wallahi ni yeye, tumalize," Bakari akanambia.

"Siapi. Niliona mgongo, uso sikuuona."

"Wanawake nyinyi! Asubuhi ndiye, mchana siye."

"Asubuhi sikuwa na hakika, na sasa sina. Utamchoma mtu kwa sababu ya mgongo?"

Nikasimama mbele ya Hamisi, mtoto mbelekoni akilia. Wakamfungua huku wakinitukana.

Huenda ndiye mwizi. Sijui bado.

Nilipokuwa nikimwosha damu nilitaraji shukrani, astaghfirullah. Akanambia kwa mdomo uliovimba, "Mama Zuhura, hata hiyo 'kama' ungeimeza."