Leo Begi Lilikuwa Mimi

Shosho wangu,

Salamu kutoka Doha, ambako jua linatukaanga bila mafuta. Unajua kazi yangu hotelini ni kupitisha mabegi ya wageni kwenye mashine ya ukaguzi inayoonyesha yaliyomo ndani. Leo begi lilikuwa mimi! Kwa daktari wa meno, mashine ilinizunguka kichwa ikipiga picha, kisha daktari akaligeuzageuza lile jino langu lenye maumivu sugu kwenye skrini, mbele, nyuma, mpaka chini ya mizizi. Kumbe usaha ulijificha nyuma ya mzizi, mahali picha ya kawaida haikufika.

“Sasa najua pa kupasua bila kugusa mshipa wa fahamu,” akasema. “Jino linabaki.”

Wewe uliyeng’oa meno yako yote ukaniambia nami ning’oe, niwekee mahindi ya kuchoma, yale magumu. Nikirudi, mahindi yako nitakupondea mwenyewe.

Mjukuu wako mbishi,
Kamau