Dakika Mbili Alizozikata Baba

Nyumbani kwetu, chumba cha mbele,
Jumatatu, 4 Novemba 2024.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Kabla ya lolote, nataka kujua mgongo wako. Mara ya mwisho ulisema unasimama saa nane mfululizo kwenye kile chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, na kwamba jioni unavua viatu kwa kusaidiwa. Natumaini wamekupa kazi ya kukaa. Na pacha je, mitihani imeisha? Baba Mdogo bado anakoroma mpaka mnahamia sebuleni?

Sisi huku tunajikongoja. Kaka yangu bado anatengeneza majokofu na bado hamalizi kazi siku aliyoahidi. Mimi niko palepale stoo ya vitabu vya shule, natoa na kupokea, naandika. Kile kikohozi cha mwezi wa nane kimeniacha. Asiye mzima ni Baba, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nitampa mwalimu wa hisabati, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Anasafiri Jumatano na ameahidi kukufikishia mkononi Ijumaa. Nimeandika kwa sababu simu zangu hupokei tangu msiba wa Mama, unajibu tu kwa ujumbe kwamba uko kazini. Sikulaumu, na utaona kwa nini sina haki ya kukulaumu. Naomba tu uisome mpaka mwisho kabla hujaiweka chini.

Baba ana uvimbe kwenye koo. Tulidhani ni ukavu wa kuongea sana, maana unamjua. Daktari amesema ni saratani, na kwamba akipasuliwa mapema atapona, ila ile sehemu inayotoa sauti itaondolewa yote. Atapumulia tundu shingoni. Upasuaji ni Alhamisi, tarehe 21 mwezi huu. Kuanzia siku hiyo Baba hatazungumza tena. Atakuwa anaandika kwenye karatasi, na mwandiko wake hata yeye mwenyewe humshinda.

Sasa nije kwenye ile Sinema ya Kofia.

Wewe uliiona wiki ya kwanza ilipoletwa, kisha ukasafiri. Hukuwapo kuona ilivyotulea. Mwenye ukumbi alikuwa na nakala yake aliyoinunua, basi kila filamu mpya zilipochelewa alimwambia Baba, mwendesha mashine wake, aitoe kwenye kopo. Mwanamke anashona kofia. Dereva wa daktari anapanga chumba juu ya duka lake na kujifanya yeye ndiye daktari. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, hasa pale anapoletewa mgonjwa wa kweli akaanza kumpima kama anayepima tairi. Upande wa pili yupo mfamasia, mtu mpole, hajawahi kusema uongo hata wa kusingizia mafua. Uongo wa dereva unafichuka, mwanamke anamfukuza, anamkubali mfamasia. Halafu siku ya ndoa anamwacha mfamasia wa watu mlangoni na kuondoka na mwongo wake.

Taa zilipowashwa ukumbi ulikuwa nusu makofi, nusu miluzi. Fundi baiskeli wa kona aliwahi kurusha kiatu kwenye pazia, akarudi nyumbani na kimoja. Kwa miaka mingi mtaani kwetu mtu akitaka kukujua alikuuliza, "Wewe wa mfamasia au wa dereva?" Wasichana walitupiwa maneno njiani: "Huyo wa dereva huyo, mdanganye tu, atakufuata."

Mama alikuwa wa dereva, na aliona haya kusema hivyo mbele za watu, lakini alisema. Sababu yake ilikuwa moja. Alisema yule mwanamume aliomba radhi. Alikuja dukani usiku wa kuamkia ndoa, akavua kofia, akaorodhesha uongo wake mmoja mmoja bila mzaha, akaomba radhi na hakuomba arudiwe. Alisema bila hapo mwanamke anaonekana mjinga, na ukipaona unaelewa kila kitu.

Tatizo, hakuna mtu mwingine mtaani aliyekumbuka kupaona. Baba alikuwa anamjibu mbele ya wageni, "Mama Katibu, hiyo umeota. Mimi ndiye ninayeiendesha, nimeiendesha mara ngapi?"

"Sikuota. Alivua kofia."

"Kofia? Ile kofia hakuivua hata kitandani!"

Watu wanaangua kicheko. Fundi baiskeli ndiye aliyempachika jina Bibi Ndoto, na likashika. Akisema kitu cha kweli kabisa, mathalani kwamba bomba limekatwa tangu asubuhi, mtu anauliza, "Umeliona au umeliota?" Sisi watoto tulikuwa tunacheka pamoja nao. Mimi nilicheka, Mama Mdogo. Lazima niseme hivyo.

Halafu ikaja Jumamosi, 29 Desemba 2012, ulipokuja likizo. Nimefungua daftari langu la mwaka ule. Tulikuwa watu kumi na wanne sebuleni, mabishano yakaanza kama kawaida, na Mama akakugeukia. Alikuwa anatabasamu, kama mtu aliyesubiri shahidi wake miaka mingi. Akasema, "Mdogo wangu huyu hapa, tulikaa kiti na kiti. Sema."

Nawe ukasema, "Sikumbuki, dada."

Nilichoandika usiku ule kiko mbele yangu: "Mama Mdogo amemwangusha Mama. Amekumbuka, nimemwona usoni, ila hakutaka kumuudhi mwenye nyumba." Tangu siku hiyo mlikuwa mnasalimiana kama watu wa ofisi moja. Hukuja tena likizo. Mama alipofariki, Ijumaa ile ya tarehe 17 Mei mwaka huu, ulituma ujumbe na hukuja, na mimi nikaandika maneno mengine makali ambayo sitayarudia hapa.

Jumapili, 13 Oktoba, mwenzangu wa stoo aliniletea ile sinema. Alikuwa ameitafuta kwenye mtandao miezi, akaipata nzima, iliyosafishwa. Nilidhani itamfariji Baba. Tulikaa wawili, mimi kwenye kiti cha Mama. Baba alicheka pale pa kupima tairi, kwa ile sauti ya kukwaruza aliyobakiwa nayo. Ilipokaribia mwisho akaacha kucheka. Akasema ana kiu. Nikamwambia ngoja ziishe dakika hizi. Akasema tena ana kiu, zima kidogo.

Sikuzima. Yule mwanamume akaingia dukani. Akavua kofia.

Mama Mdogo, kila neno. Mpangilio uleule, kuanzia uongo mdogo hadi mkubwa, kama Mama alivyokuwa akihesabu kwa vidole. Sikuweza hata kulia. Nilimgeukia Baba nikamkuta ameinamisha kichwa, mikono ameibana katikati ya magoti.

Nikamuuliza, "Ulijua?"

Akasema, "Nilikata mimi."

Alinieleza polepole, anameza mate kila baada ya sentensi. Ilikuwa wiki ya pili ya sinema ile. Kazini kwao sheria ya kwanza ni kwamba hutoki kwenye mashine ikiwa inazunguka, kwa sababu filamu ikikwama mbele ya taa inaungua pale pale. Siku hiyo alitoka. Alimwona Mama kwa dirisha dogo la chumba cha mashine, amesimama chini kwenye foleni ya tiketi za filamu nyingine ya kesho yake, akashuka ngazi kumsalimia. Walikuwa hawajazungumza hata mara tatu. Aliporudi alikuta moshi. Akazima, akawaambia watu umeme umeleta matatizo, akakata kipande chote kilichoungua na kilichojikunja, akaunganisha ncha mbili kwa gundi, akaendelea. Dakika mbili zilikuwa zimekwenda. Ukumbi ule ulikuwa haujajaa, na waliokuwamo walipigia miluzi umeme, basi. Mwenye ukumbi hakugundua. Angegundua, Baba angefukuzwa siku hiyohiyo, na alikuwa ameshaamua moyoni kwamba atapeleka posa.

Mwaka uliofuata walikuwa wameoana, sinema ikatolewa kwenye kopo, na Mama akasema mbele ya mke wa mwenye ukumbi, "Hapa pamekatwa." Baba akaogopa. Akasema umeota. Neno la kujiokoa siku moja, akalivaa zaidi ya miaka thelathini.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia Mama hata wakiwa wawili, baada ya ukumbi kufungwa, baada ya mwenye ukumbi kufa. Akasema kila mwaka uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi kusema, na kwamba yeye alidhani Mama ameshazoea utani. Nikamwambia hakuna anayezoea kuitwa mwongo na mumewe. Nilisema kwa sauti. Sijawahi kumpandishia Baba sauti maishani mwangu.

Ndipo akaniambia na lile lako. Kwamba asubuhi ya 29 Desemba alikukuta jikoni peke yako ukiosha vikombe, akakwambia kila kitu, akakuomba. "Shemeji, leo wakianza, niokoe. Nitamwambia mwenyewe wakiondoka wageni. Nakuapia." Nawe ukamwamini. Ukasema hukumbuki ili umsitiri mume wa dada yako kwa saa chache, naye wageni wakaondoka na hakusema. Akakuacha umebeba mzigo wake ukapanda nao ndege.

Kwa hiyo naanza mimi. Nisamehe. Nimekuhukumu miaka kumi na miwili kwenye daftari ambalo hukuwahi kuliona. Sichani kurasa, unanijua, lakini pembeni ya ile ya tarehe 29 nimeandika: "Si kweli. Aliombwa." Nimeweka na tarehe.

Kuna jambo nimejiuliza kama nikwambie au nikae nalo. Nimeona uamuzi si wangu, ni maneno yako, uletewe. Mwezi wa nne, Mama akiwa kitandani, nilikulaumu mbele yake kwamba mdogo wake hata kuja hakuji. Akanikatiza. Akasema, "Usimseme. Pale mwanamume anapoomba radhi, mdogo wangu alilia mpaka akanilowesha bega. Mtu hasahau mahali alipolia hivyo. Kuna aliyemfunga mdomo, na mimi namjua." Nikamuuliza kama ana hasira na wewe. Akasema hana, anakungoja tu uje umwambie mwenyewe. Alikuwa anauliza kila gari likisimama nje.

Sijui kama hilo litakupunguzia au litakuongezea. Kwangu limefanya yote mawili.

Sasa Baba. Anataka kuongea na wewe kabla ya tarehe 21. Nilimwambia aandike, nitaifunga ndani ya bahasha hii. Akakataa. Anasema Mama alidhihakiwa kwa mdomo, mbele ya watu, na wewe uliombwa kwa mdomo, basi ataomba radhi kwa mdomo au asiombe. Nilimwambia pia hawezi kutegemea kusamehewa. Akanitazama kama mtu aliyeshangaa kwamba nimefikiria hilo, akasema, "Sijasema anisamehe. Nimesema asikie."

Ameanza na hao wa karibu. Wiki iliyopita alikwenda kwa fundi baiskeli, akasimama pale penye wateja, akasema yote. Fundi baiskeli aliweka chini pampu aliyokuwa ameishika. Kisha akasema, "Mzee, yule mama alikuwa analeta baiskeli ya mwanawe hapa. Kila siku nilikuwa namuuliza kama ile pancha ameiona au ameiota. Na kila siku alikuwa anacheka." Akaketi chini kwenye tairi. Ndiye aliyemsindikiza Baba mpaka nyumbani.

Sikuandikii kama wakili wake. Nampikia, namnawisha, nampeleka hospitali, na zipo siku siwezi kumtazama usoni. Kaka amesema hataki kusikia habari hizi mpaka upasuaji uishe. Kila mtu na anavyoweza. Wewe una haki ya kukaa kimya, na ukikaa kimya mimi sitakuuliza tena, wala sitaandika neno lolote juu yako popote.

Lakini nataka ujue alichofanya jana alasiri. Nilirudi sokoni nikamsikia chumbani anaongea, nikadhani kuna mgeni. Alikuwa peke yake, amekaa ukingoni mwa kitanda, upande wa Mama. Alikuwa anasema, "Shemeji, siku ile jikoni," anasimama, sauti inakatika, anakunywa maji, anaanza tena, "Shemeji, siku ile jikoni." Sikumsikia hata mara moja akifika mbele ya hapo.

Msalimie sana Baba Mdogo, na pacha wote wawili, yule mwenye maneno na yule anayejibu kwa mabega. Kaka anakusalimu ingawa hajui nimeandika. Mke wake anakuombea. Mungu akulinde kazini na njiani, akupunguzie maumivu ya mgongo na haya mengine, na akupe usingizi ambao naamini umeukosa muda mrefu.

Mimi mwanao ninayekupenda, na niliyechelewa kukuelewa,

Katibu.

Simu ya Baba ni ileile, iko mezani karibu na kitanda, naye haiachi. Ukipiga, piga asubuhi. Ikifika mchana sauti huwa imeshakwisha.