Pale Uliponiambia Niruke

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua huitikii siku hizi, lakini kuanza barua kwako bila shikamoo nisingeweza, mkono ungegoma.

Nina makosa mawili ya kukiri. Nitaanza na lile dogo, ambalo liko nawe huko chini.

Unalikumbuka koti lako la kijivu, lile la ibada na mikutano. Siku ya kukuzika mimi ndiye niliyelipiga pasi, tena kwa pasi ya mkaa ya Mama, maana umeme ulikatika kama kawaida yake penye shughuli. Kwenye mfuko wa ndani nikagusa kitu kigumu cha ukubwa wa kiganja. Sikufungua hata kifungo. Nilijua ni kitabu chako cha nyimbo, kwa sababu sijawahi kukuona na koti hilo bila kitabu hicho. Shangazi akauliza, "Humo kuna nini?" Nikajibu kwa uhakika wa mtu mwenye stesheneri yake Ngarenaro: "Nyimbo zake. Aende nazo." Wakalia, wakanisifu kwamba nimekujali. Tukakushusha pale kwenye migomba, na Kaka Elibariki, mkandarasi wetu wa Lemara, akamwaga zege, akaweka vigae vyekundu vinavyong'aa. Mtu akipita barabarani anadhani tumejenga bafu la hoteli.

Wiki ya tatu mzee wa kanisa akapanda kutuona, mkononi kashika kitabu cha nyimbo. "Mzee alikisahau kwenye benchi," akasema. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Jina lako, kwa mwandiko wangu wa darasa la sita.

Nilikaa chini palepale mlangoni. Kama nyimbo ziko hapa, basi ulichoondoka nacho ni kitabu chako cha jeshi, kinacholingana nacho kwa ukubwa na ambacho hatukukiona tena ndani, kile chenye mihuri yote: ulikoanza, ulikopelekwa wakati wa vita vya Kagera, hospitali uliyolazwa, siku uliyorudi kazini. Nakala nyingine hatuna. Mimi, Baba, mtu ninayewapigia watu kopi kuanzia asubuhi hadi jioni, kitabu cha baba yangu sikuwahi kukipiga kopi hata moja.

Na kazi ya kitabu kile haikuwa imekwisha, wewe unajua.

Nilikuwa darasa la tano ulipostaafu ukanipa ukarani. Jumamosi tukishatoka kwenye kahawa, Mama anahamisha mkungu wa ndizi mezani, unafuta meza kwa kiganja, unakaa wima kama uko gwaride. "Andika," unasema. "Yah. Nukta mbili. Marekebisho ya kumbukumbu za utumishi." Niliandika hiyo Yah miaka miwili nikiamini ni jina la Mungu, kwamba barua za serikali nazo huanza kwa sala. Ulipogundua ulicheka mpaka ukashika mbavu, ukaniambia ni kifupi cha "yahusu", kisha ukasema niliache wazo langu lilivyo, huenda ndilo litakalosaidia.

Ulikuwa unaomba nishani mbili ziandikwe kwenye kumbukumbu zako. Moja ya vita, kwa sababu ulipigana. Nyingine ya utumishi mrefu, kwa sababu miaka uliitimiza na ikazidi. Daftari la jeshi lilikuwa na maoni yake. Lori lako lilipolipuliwa kule mbele, mtu aliandika kwenye orodha ya kikosi kwamba hupo tena. Miezi ikapita uko kitandani hospitali, ukarudi unachechemea, wakakuandikisha upya kama mtu aliyezaliwa asubuhi ile. Nishani za vita zikagawiwa kwa kufuata orodha ya kwanza, ambamo ulishatolewa. Miaka ya utumishi ikahesabiwa kwa orodha ya pili, ambamo uliingia umechelewa. Ukakosa huku na kule.

Majibu yao yalikuja na swali lilelile: nani alitoa taarifa kwamba umekufa? Na kila tulipofika hapo uligeuza uso, ukaangalia mlima dirishani.

"Ruka hapo."

"Lakini Baba, ndilo wanalouliza."

"Karani, nimesema ruka. Nenda aya inayofuata."

Nilifikiri umesahau. Mtu aliyekuwa anakumbuka namba za lori lililoungua, na kwamba siku hiyo walikula maharage yasiyoiva! Akili yangu haikwenda mbali zaidi.

Ndiyo maana siku za kumbukumbu ya mashujaa ulivaa koti lako, ukashuka mjini, ukakaa viti vya nyuma na wale waliokuja kutazama. Ukirudi Mama anauliza sherehe imekuwaje. "Jua lilikuwa kali," unajibu, unakwenda kuangalia ng'ombe. Kila mwaka, jua. Mwaka mmoja mvua ilinyesha mpaka mto ukakata njia, na bado ulisema jua.

Halafu ile wiki yako ya mwisho. Ulinishika mkono ukaniuliza, "Ile barua imejibiwa?" Nikasema, "Wanaishughulikia, Baba." Hakuna aliyekuwa anaishughulikia. Ukafumba macho ukaonekana umeridhika, na uso ule ndio ulionifanya nisiweze kuliacha jambo hili.

Basi tukakaa kikao cha familia. Kaka akaja na suluhisho la mkandarasi. "Tunatoa vigae sita tu, tunachimba taratibu, tunachukua kitabu, jioni pamerudi palivyokuwa. Vigae nitaleta mwenyewe."

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua hata macho. "Elibariki, ukigusa hilo kaburi, kwenye langu usije."

"Mama, ni kwa heshima yake."

"Baba yako hafukuliwi kama kiazi. Waulizeni walio hai."

Aliyekuwa hai alikuwa mmoja. Mzee Zakayo wa Usa River, dereva mwenzako wa malori, yule aliyekuletea maua kila Krismasi, waridi ambazo mashamba ya huko huzikataa kwa sababu shina limepinda kidogo. Mlikuwa mnakaa wawili nje, kibuyu cha pombe ya mbege katikati, hamsemi neno saa nzima, kisha anaaga. Mama alikuwa anasema hajaona wanaume wanaopendana kwa ukimya namna ile.

Kabla ya kwenda kwake nilipita ofisi ya jeshi tuliyokuwa tunaiandikia, nikaelekezwa masijala, wanakotunza mafaili. Pale kuna afande mmoja wa kike, kijana kuliko mimi, miwani puani, anayeyaongelea mafaili kama wagonjwa wa wodini. Akalifungua lako. Barua zetu zote zimo, Baba. Mwandiko wangu unaanza mkubwa na wa duara, unakua humohumo ndani ya faili mpaka unakuwa wa mtu mzima.

"Dada, hakuna anayekataa," akaniambia. "Ila hapa pana shimo. Aliyesema amekufa ni nani? Tukimpata huyo, akaapa kwamba alikosea, orodha inarekebishwa, hata bila kitabu chake. Bila huyo, tutaandikiana mpaka tustaafu wote."

Nikashuka Usa River. Mzee Zakayo nilimkuta uani kwake, anafunga waridi kwa kamba za mgomba.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo? Mguu wake?"

"Hajambo. Nimekuja kwa ile habari ya nishani za mzee. Wanamtafuta mtu aliyesema Baba amekufa."

Alifunga fundo la kamba. Akalifungua. Akalifunga tena.

"Hakukwambia?"

"Alikuwa ananiambia niruke."

Mzee yule alikalia ndoo iliyopinduliwa, akatazama viatu vyake. Akaniambia. Lori lako lilikuwa mbele, lake nyuma. Aliliona linawaka. Hakushuka kutazama kwa sababu aliogopa. Ndivyo alivyosema, bila kuongeza wala kupunguza. Alipoulizwa kikosini alisema ameuona mwili wako kwa macho yake, maana angesema hakuuona wangemuuliza kwa nini hakuutafuta. Na wewe wakati huo ulikuwa kwenye mtaro, mguu umevunjika, unaita.

"Aliporudi nikamwambia ukweli," akasema. "Nikasema kesho nakwenda kwa mkubwa kujieleza. Akanikataza. Akasema watanifunga, na mke wangu ana mimba. Kila mwaka nikimuuliza, anasema bado. Mtoto huyo sasa ana wajukuu, na baba yako Anaeli alikuwa bado anasema bado. Krismasi ya mwisho nilimwambia, 'Ndugu yangu, mimi nimechoka.' Akanimiminia mbege."

Baba, hapo ndipo lilipo kosa langu la pili, lile kubwa. Nilipaswa kunyanyuka, nimshukuru, nirudi nyumbani. Ulikuwa umemficha mtu huyu maisha yako yote. Kila ulichokosa ulikikosa kwa kupenda. Nilifungua mkoba nikatoa karatasi.

Sikumlazimisha, niamini. Nilimwambia, "Baba Mdogo, usipotaka, naondoka na hakuna atakayejua." Akaniuliza kama kalamu inaandika. Akakaa wima, kwa namna ileile yako, nikajua jeshini mlifundishwa hata kukaa mezani. Akataja jina lake, namba yake, kikosi. Alipofika kwenye lori akageukia waridi zake. Nikasubiri. Mdomo wangu, Baba, mdomo huu uliofundishwa na wewe, ulitaka kumwambia tuende aya inayofuata.

"Andika," akasema. "Sikushuka."

Nikaandika. Tulikwenda kuapa kwa hakimu wiki hiyohiyo, yeye na suti, mimi na wasiwasi. Hakimu alisoma mara mbili, akamtazama juu ya miwani, akamuuliza kama anaelewa anachokiapa. "Naelewa kuliko wewe, mheshimiwa," akajibu. Nilidhani tumekwisha. Hakimu akagonga muhuri.

Sasa nakuomba msamaha, na sijui kama nautaka kweli. Nikilala nasema nimevunja ahadi ya baba yangu. Nikiamka nasema ahadi hiyo ilikuwa inawatafuna watu wawili, na mmoja bado yuko hapa. Tangu aape, Mzee Zakayo amenenepa. Sikutanii. Anapanda kwetu hata bila Krismasi, anaongea, Baba! Anaongea mpaka Mama anamuuliza kama hana kwake. Tumejua kutoka kwake kwamba ulikuwa unaimba usingizini kambini, kwamba ulimnyoa kamanda nywele vibaya ukasingizia mkasi. Miaka yote hiyo alikuwa na wewe mzima kifuani na hakuweza kukutoa hata kidogo, kwa kuogopa kwamba lile moja litafuata nyuma.

Wamekubali. Barua ilikuja na Yah yake juu. Jina lako limerudishwa kwenye orodha ya vita, miaka yako imeunganishwa, nishani zote mbili zimeandikwa. Mama alizipokea mwenyewe. Akamuuliza afande mkubwa, "Hizi anavaa nani?" Akaambiwa ni za kutunza, Bibi. Mama akasema, "Vitu vya kutunza ninavyo vingi." Jumapili akazibandika kwenye kitenge, akaenda nazo ibadani, akapita katikati polepole kuliko mguu wake unavyohitaji. Mchungaji alisahau tangazo lililofuata.

Ungecheka. Nilikutafuta kwa macho niseme "umemwona?", nikakumbuka.

Jambo la mwisho ni hili, na hili sikumwambia mtu. Kwa muda wote wa shughuli hii, kila Jumanne nilikwenda masijala. Nafika, yule afande anasema, "Karibu, binti wa Mzee Anaeli. Mzee wetu anaendelea." Alimaanisha faili. Lakini alisema hivyo, kwamba unaendelea, na nikaketi kwenye benchi nikasikia raha ya mtu mwenye mgonjwa anayepata nafuu. Kuna aliyenitajia jina lako, kuna aliyeuliza umri wako, ulikozaliwa, mguu gani ulivunjika. Nyumbani watu wamekwisha kuzoea. Wanasema marehemu, wanageuza mazungumzo. Kule ulikuwa bado una mambo yako.

Jumanne iliyopita nilikwenda kusaini kwamba tumepokea. Afande akapiga muhuri, akaweka karatasi zote sawasawa, akachukua uzi.

"Hongera, dada. Sasa tunalifunga."

Nikamuuliza kama haliwezi kukaa wazi kidogo.

Akacheka, akadhani natania, akalifunga.

Naishia hapa, Baba, mlangoni kuna mteja na mimi sioni vizuri.

Ni mimi,
binti yako wa mwisho.