Mifuko Iliyopotelea Ndani ya Kompyuta

Geita, Alhamisi, Machi 1987

Mvua ya leo haijui inataka nini. Inanyesha, inaacha, inaanza tena. Kichwa changu nacho kiko hivyo hivyo.

Mzee Masanja, mtunza stoo yetu ya sampuli za udongo, amepewa hadi Jumamosi aonyeshe mifuko iliyopotea, la sivyo aache kazi. Mifuko haijapotea.

Nimeipoteza mimi.

Mzee huandika namba ya mfuko kwa ufupi: 42. Maabara huandika 42.0, maana mfuko wakiugawa nusu, ile nusu inaitwa 42.5. Kazi yangu ni kulinganisha orodha hizo mbili kwa kompyuta. Nilidhani mashine haiwezi kulinganisha namba nzima na ya desimali, basi nikageuza namba zote za mzee ziwe desimali, nikazitengenezea orodha ya pili. Kumbe desimali moja inakula nafasi ya namba nzima mbili. Mashine ikaniandikia kwamba kumbukumbu imejaa.

Niliogopa. Hapa ni mimi pekee niliyepelekwa kozi. Nikaziondoa namba za mwisho kwenye orodha ya stoo mpaka ule ujumbe ukatoweka, nikijiambia nitazirudisha. Sikuzirudisha. Meneja akaichukua karatasi ya majibu iliyochapwa na mashine ikiwa bado ya moto, na kila mfuko nilioutoa umeandikwa HAUPO.

Leo mchana nimemkuta mzee akipanga upya stoo nzima. Nikamwamkia.

“Marahaba. Hebu niulizie huyo mtaalamu wako wa bati, hiyo kompyuta, amewahi kukanyaga stoo hata siku moja?”

Wapakiaji wakacheka. Nami nikacheka nao.

Nikarudi ofisini, nikafuta orodha ya pili, nikaiamuru mashine ilinganishe 42 na 42.0 zilivyo, jozi moja moja. Ikakubali. Mifuko yote ipo, na nafasi imebaki.

Sielewi. Kama ni lazima 42 igeuzwe kwanza, inageuziwa wapi? Labda kuna pembe ndogo tu, inaandikwa na kufutwa kila jozi, na mimi nilijenga ghala kwa kitu cha kushika kiganjani. Labda. Kitabu cha kozi hakisemi. Nikimwambia meneja mashine ilikosea, ataamini mara moja, na sitaulizwa lolote.

Naandaa maelezo ya kumpa kesho asubuhi. Nimeandika: “Orodha ilikatika.” Nikafuta. “Orodha ilikatwa.” Nikafuta hiyo pia.

“Niliikata orodha.”

Hii sijaifuta.