Dada Niliyeketi Naye Kongamanoni

Shoga, nimejifungia chooni hapa kwenye kongamano letu la wataalamu wa kanzidata za kompyuta.

Mtoa mada katusimulia kisa cha hospitali ambako mtaalamu wa kanzidata alifuta kwa bahati mbaya orodha ya dawa zinazomdhuru kila mgonjwa. Mmoja akachomwa sindano isiyomfaa, akafa.

Ni hospitali ile ile niliyokuwa nikifanya kazi. Aliyefuta ni mimi, na ni wewe tu unayejua.

Dada niliyeketi naye akaninong'oneza, "Yule aliyekufa alikuwa mdogo wangu. Ndiyo maana nikasomea kazi hii."

Mdogo wake, shoga. Mdogo wake wa tumbo moja.

Akaniuliza, "Unadhani aliyefuta anajua kuna mtu alikufa?"

Nikamjibu, "Sidhani."

Yaani mdomo wangu huu, nikijua fika, ukasema sidhani.

Nilipoinuka kukimbilia huku, akaniambia, "Nenda tu mpenzi, nakushikia kiti."