Kiti cha Opal Kapewa Buck

Verna, sikiliza haya. Tumetoka sasa hivi kwenye chakula cha mchana cha waandishi, pale hotelini Dayton.

Wamemvua dada yangu Opal uhariri. Mbele ya watu wote, kuku bado mdomoni.

Vitabu vyote vile alivyoandika, vyote alivyowahariria wengine, halafu kijana wa kampuni ya vitabu anasimama na kusema, "Bibi Opal, sasa pumzika. Mkusanyo wetu wa hadithi mwakani tunampa mtu ambaye damu inamchemka."

Damu inamchemka. Ndivyo alivyosema, shoga.

Sasa kitendawili: mama mmoja, watoto tele, kila mtoto na ukoo wake.

Unamjua Opal. Hadithi zikipungua, hujaza nafasi kwa zake mwenyewe na kuzitia majina ya waandishi wa kubuni. Basi kijana akatangaza: "Tunampa Buck Tolliver wa Wyoming. Hatujawahi kumwona, lakini wasomaji wanampenda kuliko wote."

Buck Tolliver, Verna. Buck aliyezaliwa jikoni kwangu, Opal kavaa aproni yangu.

Nikamnong'oneza, "Dada, twende zetu."

Akasema, "Kaa, malizia kuku wako."

Akaenda mbele taratibu na mkongojo wake, akashika kipaza sauti.

"Mwanangu, Buck anakushukuru. Kazi ameikubali. Na mkongojo wake ndio huu."

Kijana akarudi nyuma hatua moja.

Opal akamsogelea. "Damu yangu unaionaje sasa? Inachemka, au niongeze kuni?"